Zaina na Gauni la Kijani

Jumamosi, Walukuba

Eti yeye hagusi nguo ya mtumba! Jirani yangu Zaina huyo, anayeniuliza mbele za watu gauni langu limevaliwa na Wazungu wangapi.

Leo nimedamkia soko la Bugembe kuwahi belo la mitumba likifunguliwa, maana sina nguo ya harusi ya mdogo wangu. Nikashika gauni la kijani, zuri kweli. Mtu akalivuta upande wa pili. Nani kama si Zaina, amejifunika mtandio hadi puani!

"Namchukulia msichana wangu wa kazi," akasema, haachii.

"Hata mimi," nikajibu, nikalinyakua.

Jioni tukakutana bombani, kila mmoja na beseni lake la nguo chafu.

"Msichana wako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Ametoka na wako."