Kuvu ya Chumba cha Sita

4 Machi

Kaka yangu,

Salamu zikufikie wewe, wifi na watoto. Mgongo umepoa, au bado wauuza kwa matofali ya watu? Sisi tu wazima, isipokuwa Kibibi anakohoa.

Nakuandikia kama dada, na pia kama mpangaji wako wa chumba cha sita. Ukuta wa upande wa kitanda umeota kuvu nyeusi. Nimeipima kwa futi yangu ya kushonea: sentimita 22 kutoka sakafuni. Nimesugua kwa sabuni mara mbili, ikarudi mara mbili. Msimamizi wako alisimama mlangoni, akasema ni pumzi za watu wengi ndani. Tupo wawili, na mmoja ana miaka minne.

Usinijibu kwa ile methali ya ufa. Huu ni ukuta kweli.

Dada yako, fundi cherehani

19 Machi

Dada,

Barua imefika, nasi hatujambo. Mgongo ni ule ule. Mpe pole mpwa wangu.

Nyumba ile niliijenga kwa mikono hii: tofali 4,180, Jumapili 96, maana siku nyingine nilikuwa najenga za wenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Leo wapangaji watano wamenyamaza, analalamika wa tumbo moja nami. Je, dirisha unafungua? Au unaanika nguo za wateja humo ndani?

Hata hivyo nimemwagiza msimamizi apake rangi ya mafuta ukuta mzima. Rangi ile maji hayapiti.

Kaka yako

30 Mei

Kaka,

Natumai mko salama. Sisi tumetoka hospitali.

Rangi ilipakwa tarehe 2 Aprili. Siku kumi na saba ukuta uling'aa kama sahani. Ya kumi na nane ukatoka malengelenge. Nilitoboa moja kwa sindano, yakachuruzika maji. Kuvu sasa ni sentimita 61, imeupita mto wa Kibibi. Dirisha liko wazi tangu alfajiri, na nguo za wateja nashonea nje, kibarazani.

Nilibisha hodi chumba cha kwanza hadi cha tano, nikaomba kupima kuta zao. Zote kavu. Jirani wa cha tano alicheka mpaka akakaa chini. "Shoga, ukuta unaukatia gauni?"

Kibibi alibanwa kifua, akalazwa siku nne. Daktari alinihoji zaidi kuhusu chumba kuliko kuhusu mtoto, kisha akaandika kwenye cheti kwamba asirudi kulala humo. Tumejibanza kwa huyo jirani mcheshi.

Wewe ni mwashi wa miaka ishirini na sita. Nieleze: bati moja, msingi mmoja, vyumba vitano vikavu, kimoja kinalia maji. Kwa nini?

Dada yako

8 Agosti

Dada yangu,

Kibibi anaendeleaje? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Barua hii nimeichana mara tatu. Kati ya msingi na ukuta huwa tunalaza karatasi ya nailoni, maji ya ardhini yasipande. Yangu iliishia chumba cha tano. Zilipungua mita saba na nusu. Duka lilikuwa limefungwa na saruji imeshachanganywa, nikapanga tofali hivyo hivyo. Nilijua.

Ulipoomba chumba nikakupa hicho. Mgeni angenipeleka baraza la nyumba kabla mwezi haujaisha. Wewe nilijua utavumilia.

Tarehe 20 nakuja na mafundi wawili. Tutakata ukuta kwa chini, mita moja moja, tuingize karatasi. Ni kazi ya siku tisa. Ukikauka, rudini. Kodi usilipe mpaka mwakani.

Kaka yako

15 Agosti

Kaka,

Kibibi hajambo. Jibu lako limechukua siku sabini kuandikwa. Jirani ameniletea huku nilikohamia.

Mwenye nyumba wangu mpya simjui wala hanijui. Nilimuuliza maswali kumi na manne kabla ya kupokea ufunguo, mengine ya kuudhi, na akayajibu. Nikamwambia ayaandike, akaandika. Wewe sikukuuliza hata moja. Niliona nitakukosea adabu.

Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kweli, halikunimaliza. Lilianza na mtoto.

Njoo na mafundi wako. Kateni, iwe siku tisa au tisini. Mimi sirudi, hata bure. Chumba kikikauka mpe mtu baki, tena mwenye mdomo, asiyekuita kaka.

Mkimaliza pita kwangu, chai ipo. Tunakaa juu, ngazi kumi na moja. Kibibi atakuonyesha anavyozipanda zote bila kusimama.

Dada yako, si mpangaji wako