Unga wa Mtanashati

Dukani kwetu, nyuma ya soko,
14 Juni.

Mpendwa mwanangu, kitindamimba wangu,

Hujambo huko uliko? Unakula? Kile kikohozi kimekwisha? Roho yangu haitulii mpaka nijue. Huku tu wazima, ila goti linanisumbua kwa kusimama kwenye mashine kutwa. Baba yako mzima, na kelele zake nzima.

Mashine ya kuchapa uliyoniachia ilianza kutoa karatasi zilizofifia. Nikafanya ulivyonifundisha, nikatikisa katriji, kile kikasha cha unga wa wino, wapi. Nikaifungua, nikafuta unga wa zamani kwa brashi kavu, nikaijaza unga wa lile kopo la kabatini, nikaziba tundu. Maandishi yakatoka meusi ti. Kupitisha kidole, yote yamefutika. Nikadhani mashine haipati moto wa kuushikisha unga, nikaweka katriji nyingine, ikachapa vizuri. Kumbe ubaya ni ule unga. Ni wa mashine za aina nyingine, kwenye yetu hauyeyuki ukashika karatasi.

Na kopo aliniuzia nani? Mtanashati, enzi akiniita mama mkwe. Fundi mashine yule yule aliyekuacha umevaa shela, watu wamejaa ukumbini, akatuma ujumbe wa simu kwamba amebadili mawazo. Nikalirudisha kopo kabatini, sikulitupa.

Haukupita muda, dada yake akaja kuchapisha ratiba za harusi. Mtanashati anaoa.

"Mama, huna kinyongo?"

"Kinyongo cha nini, mwanangu? Kazi ni kazi."

Lile tabasamu sijui nililitoa wapi. Nikazichapa zote kwa unga wa kaka yake, nikazifunga kwenye boksi zisiguswe kabla ya siku. Ya bibi harusi tu niliichapa kwa katriji nzuri, nikaitia kwenye bahasha yenye jina lake. Yule hajanikosea.

Yaliyotokea kanisimulia mpiga picha. Ukumbini joto, watu wanajipepea na ratiba, wanajifuta jasho kwa mikono ile ile. Wazee wa heshima wakaota masharubu mapya, na wengine ni wanawake. Mtanashati na suti yake nyeupe kajishika kola, kajishika shavu. Shangazi yake akamvamia na kitambaa cha maji ya moto, akasugua, masizi yale ya unga yakazidi kushika, maana moto ndio huugandisha.

"Baridi, shangazi, maji baridi," fundi analia, na ukumbi mzima unacheka.

Mwanangu, nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kama naumwa.

Dada yake alirudi kufoka. Nikamwekea kopo mezani, mwandiko wa kaka yake ubavuni. Akausoma, akachukua mkoba wake, akaondoka. Baba yako hajui lolote, usimwambie.

Nakuandikia haya kwa kuwa najua kinachokuzuia kurudi. Ulisema huwezi kupita mtaa huu watu wakikunyooshea kidole. Sasa hakuna anayekutaja wewe. Saluni, sokoni, ni yeye, na jina wamempa Masizi. Basi njoo. Shuka kwenye basi mchana, upite mbele ya karakana yake, polepole, na viatu vya kisigino.

Bibi yako anakusalimu, kaka yako na mkewe pia. Jirani yetu, mama mshonaji, anauliza kila siku unarudi lini, nami nimechoka kumdanganya.

Mungu akulinde njiani, akukalishe karibu na dirisha.

Wako akupendaye, hata ukininunia,
Mama