Kilo za Meja

Jumatatu, 1 Julai 2024

Bwana mifugo kapita mtaani kwetu Chapwa leo, chanjo ya kichaa cha mbwa. Watu wakaleta vimbwa vyao, mbavu nje nje — mimi nikatoka na Meja wangu, anang'aa kama kapakwa mafuta! Nikangoja sifa. Akampapasa mbavu, akapapasa tena. Eti hazishikiki. Eti mnene mno, moyo na magoti vitamshinda. Nikamwambia mbwa kunona ni heshima ya nyumba. Akacheka, akachoma sindano yake.

Magoti! Mbwa naye ana magoti?

Jumamosi, 6 Julai

Nimempigia Clever kwa video. Mwanangu yuko Morogoro, anasomea mifugo, mwaka wa pili — na mama yake niliishia la saba! Nikamwonyesha mbwa aliyeniachia. Nilidhani atafurahi. Akasogeza uso kwenye simu. Kisha: "Mama, huyu Krismasi haioni."

Anakuja tarehe kumi Agosti. Akikuta Meja hajashuka hadi kilo thelathini na nane, atampeleka kijijini Itaka kwa rafiki yake Lusubilo, akakimbie na ng'ombe.

Itaka! Na mimi nibaki na nani kwenye vyumba vinne?

Nimempeleka kwa Hezron anayenunua mahindi. Meja kapanda mizani mwenyewe, kakaa kama mwenyekiti. Arobaini na moja. Hezron akauliza, "Mama Clever, hili gunia niandike la nani?" Wapagazi walicheka mpaka wakatua mizigo. Nami nilicheka. Njiani sikucheka.

Alhamisi, 11 Julai

Maagizo ya Clever: chakula mara mbili, kwa kikombe. Matembezi kila asubuhi. Na asiwekewe kwenye sahani, akitafute mwenyewe, akili ipate kazi.

Nimetoboa dumu, nikatia dagaa. Akilisukuma zinadondoka moja moja. Nyingine nimezificha kwenye lundo la magunzi. Kwanza alinitazama kama nimechanganyikiwa. Sasa pua chini, mkia juu, saa nzima! Kumbe si njaa ile. Alikuwa amechoka kukaa bure.

Nilikaa kizingitini namwangalia. Chai ikapoa.

Jumatano, 17 Julai

Ukungu. Tumefika mpaka kwenye mashamba yaliyovunwa. Malori ya mpakani yananguruma ndani ya ule weupe, hayaonekani, kama ng'ombe wanaoota. Nikawa kijijini kwetu Iyula tena — msichana, miguu mitupu, kahawa ya baba imechanua, harufu yake mpaka kooni. Sijui nilisimama muda gani. Meja alikaa chini kuningoja.

Miaka mingapi sijatembea bila kutumwa mahali?

Jumamosi, 20 Julai

Arobaini na mbili! Kaongezeka! Nikamwambia Hezron mizani yake mbovu. Akasema mizani haina ugomvi na mtu.

Wakati wa kurudi nikamwacha Meja aongoze njia. Moja kwa moja dirishani kwa Pili wa maandazi, akakaa. Pili akarusha andazi bila hata kutazama. Kutoka hapo, buchani. Kutoka hapo, kwa mama ntilie. Kote "Meja! Meja!" Loo — anakula nyumba nne!

Nikawakataza wote. Pili akanivuta pembeni, sauti chini: "Shoga, nasikia mbwa unampimia kwa kikombe. Mambo yakibana, si useme tu?"

Mimi! Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema ni amri ya daktari. Daktari gani? Clever, nikasema. Hapo shingo yangu ikanyooka.

Ijumaa, 2 Agosti

Thelathini na tisa! Anaruka kizingiti.

Nimeota Meja mwepesi kama tiara, nimemshika kwa kamba juu ya mabati ya Tunduma, nami visigino vinaanza kunyanyuka.

Ijumaa, 9 Agosti

Thelathini na nane na nusu. Nusu tu! Kesho asubuhi tutazunguka mara mbili.

Jumamosi, 10 Agosti

Clever kafika saa nne. Mwanangu kakonda! Shingo kama ya kifaranga. Meja kamkimbilia mpaka getini — kakimbia! Clever akampapasa mbavu, akapapasa tena, kama yule bwana mifugo. Nikamwambia tule kwanza, saa tisa twende kwa Hezron. Akasema sawa mama, lakini thelathini na nane ni thelathini na nane.

Nimempakulia wali na nyama, nikarudi jikoni kumwongezea mchuzi. Naandika nimeegemea debe la unga, maana mlango umebaki wazi kidogo na naona mezani. Mkono wa Clever umeshuka chini, na kipande cha nyama. Namsikia ananong'ona: "Chukua upesi, mama asione."

Daktari wangu!

Hicho cha pili.

Cha tatu, na kina mafuta, na mizani inatungoja saa tisa. Upawa ninao mkononi. Nikohoe? Lakini anacheka peke yake kule, kama alivyokuwa akicheka zamani, mdomo umejaa — acha mchuzi upoe.