Kosa Nililoliita Dogo

Abti,

Naogopa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azunguke mbuyu wakati anajua anakokwenda. Salamu ya amani ikufikie hapo ulipolala, na Mola akupanulie kaburi lako. Kesho asubuhi natoka Garissa kwenda Lafey kukagua programu ya simu ambayo wauguzi wataitumia kuita ambulensi. Tangu Alasiri mikono yangu imekuwa ya baridi, na nje jua linawaka vilevile.

Si barabara inayonitisha, ingawa Hooyo, mama yangu na dada yako, ameshanisomea dua mara tatu na bado hajaridhika. Inanitisha sahihi yangu mwenyewe. Nikiweka jina langu chini ya ripoti, wauguzi wataiamini simu ile. Mara ya mwisho nilipoweka jina langu, hukuwepo kuona yaliyotokea.

Ni miezi kumi sasa tangu uanguke msikitini baada ya Adhuhuri. Mwanao Hibo ameingia chuo cha ualimu. Mkeo amekataa miwani yako iondolewe juu ya friji, na akipangusa vumbi anaizunguka. Kile chumba chetu cha kazi juu ya duka la vitambaa bado ninacho. Kiti chako sijakikalia.

Watu wakiniuliza kazi yetu ni ipi, bado sijui kuieleza kama wewe. Ulikuwa ukiwajibu kwa maneno machache: "Tunatafuta mahali mtu atakapokosea, kabla hajakosea." Wenye programu wanatuletea, tunakaa na kanuni zetu, tunapita ukurasa kwa ukurasa, kitufe kwa kitufe, na kila kosa tunaliandikia uzito wake: dogo, la kati, kubwa, la kuua. Hayo ya mwisho yalikuwa maneno yako. Wenzetu wa Nairobi waliandika nambari, wewe ukasema nambari haimshtui mtu.

Wala kazi hii hukuipata kwa cheti. Ulikuwa karani wa zahanati. Kompyuta zilipoletwa ukazilalamikia kwa barua ndefu, kosa moja baada ya jingine, mpaka wenye mfumo wakaona afadhali mzee huyu wamsomeshe. Nakukumbuka ukichovya vidole kwenye kikombe cha maji kabla ya kugusa simu. Siku ya kwanza nilicheka. "Abti," ukaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina lilelile, "muuguzi anayezalisha ana mikono mikavu?" Nikaacha kucheka.

Na kila mara tulikagua kila mtu kivyake. Wewe pembe yako, mimi yangu, hakuna kuchunguliana mpaka wote tumalize. Tukilinganisha karatasi, nusu ya uliyoyaona wewe mimi nilikuwa nimeyapita. Lakini siku nilipoona kosa moja ambalo wewe hukuliona, ulinunua mbuzi choma ukawaambia watu wote hotelini. "Jicho moja linazoea," ulisema.

Programu hii ya ambulensi ililetwa wiki chache tu baada ya kukuzika. Meneja wa mradi anaitwa Daudi, mtu mpole, mwenye haraka. Aliniuliza kama naweza kuikagua peke yangu. Nikasema naweza. Niliogopa nikisema siwezi watatafuta wengine, na mlango wako utafungwa.

Niliona, Abti. Hilo ndilo sijamwambia mtu kwa sauti mpaka mwezi huu. Sikulipita kosa lile. Nilizima mtandao kama ulivyonifundisha, nikabonyeza kitufe chekundu cha dharura, na tiki ya kijani ikajitokeza na neno "Imetumwa". Hakuna kilichotumwa. Ujumbe ulikuwa umekaa ndani ya simu ukingoja mtandao, na simu ikaniambia umefika. Kanuni yako ya kwanza kabisa ilikuwa kwamba mashine imwambie mtu ukweli wa mahali ilipofika. Sikuhitaji hata kufungua daftari la kanuni.

Nikampigia Daudi. Akasema, "Mtandao ukirudi itajituma yenyewe. Liite dogo tu, Fardosa, tutalirekebisha baadaye. Uzinduzi umekaribia." Kalamu ilikuwa mkononi. Nikawaza wewe ungesema nini. Halafu nikawaza kwamba huwezi tena kusema kitu.

Nikaandika: dogo.

Wakaanza kuijaribu Ijara. Kwa muda hakukuwa na neno, nami nikaanza kulala. Kisha mchana mmoja, kabla ya Alasiri, simu yangu ikalia. Alikuwa Halima, muuguzi wa zahanati moja huko. Nilimfahamu kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha kuitumia. Sauti yake ilikuwa juu, na nyuma yake nilisikia mwanamke mwingine akisoma Yasin.

"Fardosa, gari iko wapi? Hii simu yenu inasema imetumwa. Saa nzima imepita. Mama anatoka damu, wallahi, haisimami."

Nilijua hapo hapo. Hata hakuwa amemaliza kusema. Nikamuuliza yuko wapi, akasema ametoka mbio hadi kwenye ule mwinuko nyuma ya kisima, mahali pekee panaposhika mtandao. Nikamwambia, "Halima, haikutumwa. Mpigie dereva wa ambulensi wewe mwenyewe, sasa hivi, mimi pia napiga." Akasema, "Lakini ilikuwa kijani," na simu ikakatika.

Nilipiga, dereva akashika mara ya kwanza, akatoka. Baada ya hapo sikuwa na la kufanya. Nilikaa sakafuni nimeegemea ukuta, simu juu ya paja, nikiitazama isilie na nikiogopa ikilia. Alasiri iliadhiniwa nikaswali bila kujua nimesoma sura gani. Magharibi ikaadhiniwa. Nilimwahidi Mola mambo ambayo hakuna binadamu anayeweza kuyatimiza. Simu ilipolia, Halima alisema wako njiani kuja Garissa, mama bado anapumua, mtoto hajambo, na akanikatia kabla sijajibu.

Jina la yule mama ni Nasteho. Mtoto ni wake wa kwanza, msichana. Madaktari walimwokoa, Alhamdulillahi, lakini walilazimika kutoa kizazi. Hatazaa tena.

Siku ya tatu nilikwenda wodini. Nilibeba maziwa ya ngamia na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nikamkuta amelala ubavu, midomo imepauka, mtoto amemlaza kifuani. Alidhani mimi ni mmoja wa wale kina mama wa msikiti wanaozuru wagonjwa. "Allah akulipe, walaal, dada yangu," akaniambia. "Umetoka mbali kumtazama mtu usiyemjua." Nikaweka maziwa juu ya kabati. Nikasema amin. Nikatoka nje na maneno yangu yote bado mdomoni.

Niliogopa kila kitu baada ya hapo. Niliogopa mume wake, Abdi, na wazee wa ukoo wake. Niliogopa kupita sokoni. Mtu akinitazama kidogo tu nilidhani amejua. Nikaogopa zaidi niliposikia programu inapelekwa Habaswein na Lafey vilevile ilivyo, kwa kuwa ripoti ilikuwa safi. Ripoti yangu.

Nikakaa nikaandika nyingine. Nikaandika: la kuua. Chini yake nikaandika kwamba mkaguzi aliliona kosa hili mapema akaliita dogo, na mkaguzi huyo ni mimi. Daudi aliisoma kabla ya mkutano. Rangi ikamtoka. "Ukiisoma hii mbele yao," akasema, "nani atakupa kazi tena?" Nikaichukua karatasi yangu, nikaingia.

Kwenye mkutano walikuwepo watu wa afya na wenye mradi, meza ndefu, feni inazunguka bila kuleta upepo. Nilisoma nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Nilipofika kwenye jina langu nikanywa maji, nikarudia mstari. Kisha Daudi akainuka. Nilidhani atanikana. Akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia aandike dogo," akaketi, akaangalia mikono yake.

Walisimamisha yote siku ileile. Lafey, Habaswein, hata Ijara. Wauguzi wakaambiwa wapige simu kama zamani. Daudi hayuko tena kwenye mradi. Mimi wameniacha hadi marekebisho yaishe, na baada ya hapo hakuna aliyeniahidi lolote.

Lakini Nasteho alikuwa bado hajui. Hooyo alisema, "Yameshatengenezwa, mwache apone." Wiki mbili nilimsikiliza Hooyo kwa sababu ndivyo nilivyotaka. Mwishowe nikaenda Ijara, kwao. Abdi alikuwa akinywesha mbuzi, akaja akachuchumaa mlangoni. Nikawaeleza wote wawili, kwa Kisomali chepesi, bila neno hata moja la ofisini. Kwamba simu ilidanganya. Kwamba mimi nililiona hilo kabla, nikanyamaza. Kwamba simu hiyohiyo ilikuwa ikipelekwa Lafey, na sasa imesimamishwa.

Abdi alisimama. Nikafikiri atanipiga. Alisema tu, "Sisi hatujui mambo ya simu. Tulijua kuna watu wanaotuangalizia," akarudi kwa mbuzi wake. Hajasema nami tena.

Nasteho aliuliza, "Uliona?"

"Niliona."

Akamfunika mtoto kichwa kwa shashi yake, kile kitambaa cha kichwani. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo Lafey kuna mwanamke ambaye sasa hataambiwa uongo?" Nikasema inshallah. Akasema, "Mimi siwezi kukusamehe leo. Nenda ukahakikishe." Hakuwa na hasira usoni. Afadhali angekuwa nayo.

Sasa simu ikikosa mtandao, kioo kizima kinakuwa chekundu na kuandika: "BADO HAIJATUMWA. PIGA SIMU," na nambari ya dereva iko hapo hapo, ili muuguzi akatafute mahali panaposhika, asingoje. Niliipitia mara saba. Nilichovya vidole, nikaipeleka juani, nikaizima na kuiwasha. Nikaona iko sawa. Kisha nikakumbuka nilivyokuwa peke yangu mara ile, nikamwomba Halima akae upande wake na kanuni zako, mimi upande wangu, tusionyeshane. Alikubali, japo bado hacheki nami kama zamani.

Aliona nisichokiona. "Mimi naweka simu mezani, nashika mama," alisema. "Simu inalala. Nikiiamsha, ile nyekundu imeenda, iko ukurasa wa mwanzo kama sijabonyeza chochote. Mbona imesahau?"

Nilijaribu. Ilikuwa kweli. Mara saba, Abti, na sikuwahi kuiacha simu ilale, kwa sababu mimi sikuwa na mama wa kumshika.

Wamelirekebisha. Nimejaribu, Halima amejaribu, na sasa simu ikiamka inaamka na ule wekundu wake. Na ndiyo maana naogopa zaidi kuliko nilivyoogopa ofisini siku ya mkutano. Zamani nilidhani wakaguzi wazuri ni wale wasiokosea. Sasa najua kwamba hata leo, ndani ya simu ile, huenda kuna kosa jingine linalongoja mchana mmoja, zahanati moja, mwanamke nisiyemjua jina. Halima atakuwa nami kesho. Lafey tumewaomba wauguzi wawili zaidi wakae nasi, kila mmoja pembe yake. Macho ya watu wanne wasiofanana. Bado hayatoshi, najua.

Huko ulipo sitaki unijibu. Mimi ndiye wa kukuombea wewe sasa, na Ijumaa nitakuja na Hibo kung'oa miiba iliyoota pembeni mwa kaburi lako. Pumzika, Abti. Mola akusamehe uliyoyajua na usiyoyajua, na mimi anisamehe niliyoyajua.

Ahadi yangu ni hii. Sitatia sahihi nikiwa peke yangu. Na siku nyingine nikimwogopa mtu, maana nitaogopa tena, kwanza nitaandika uzito wa kosa kama ulivyo, kwa wino, ndipo nimwogope.

Fardosa