Kadi Mahali pa Jalada

Tarehe 4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limepunguza ukaidi. Mimi sijambo, ila nimechoka hoi. Cherehani yangu ndiyo imepumzika wiki hii, maana siku tatu nimeshinda ofisi ya ardhi badala ya kushona.

Nilifika saa moja asubuhi kama ulivyoniagiza, nikakuta foleni imeshalizunguka jengo. Tuliyoyasikia redioni ni kweli. Mashamba yote yanaandikishwa upya kwenye kompyuta, na shamba ambalo jalada lake halitaonekana mpaka tarehe 30 Aprili litaandikwa kwamba halina mwenyewe. Halina mwenyewe, baba, na wewe umezaliwa humo na unazeekea humo. Siku ya tatu ndipo nilipofika dirisha namba nne. Karani akaingia masijala, akakaa huko muda wa kutosha kuivisha maharage, akarudi na vumbi mabegani. Jalada la shamba letu halipo.

Karani mwenyewe ni mama mmoja mnene, miwani yake ameifunga kwa uzi shingoni. Anasema wewe ndiye uliyemfundisha kazi, na kwamba mpaka leo humo ndani wanakuita Bwana Rafu, kwa jinsi ulivyozijua rafu zao za majalada. Alipojua mimi ni binti yako akaniletea kiti, watu wa foleni wakaninunia. "Baba yako hakuwahi kupoteza hata karatasi ya kufungia karanga," akasema. "Muulize yeye, atajua."

Basi nakuuliza. Nifanye nini? Nguo za wateja zimejaa mpaka kitandani, nalala pembeni kama mgeni.

Mwanao,
Kitinda Mimba


Tarehe 13 Februari

Mwanangu Kitinda Mimba,

Marahaba. Nimeipata barua yako na nimefurahi kusikia u mzima. Goti ni lile lile, asubuhi linanitii, jioni linanigomea. Kuku wawili wamekufa, waliobaki wanaendelea kula bila kutaga, nao nimewazoea.

Umsalimie yule mama wa masijala. Alikuwa binti mwembamba wakati ule, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Hilo jina la Bwana Rafu walinipa kwa dhihaka, lakini mimi lilinipendeza, sikuwaambia.

Kuhusu jalada, usijichoshe kulitafuta. Mambo ni ya zamani, paa la masijala lilikuwa linavuja, na panya hawachagui karatasi. Nenda kwa wakili, ukaape kwa niaba yangu kwamba jalada limepotea na kwamba shamba ni langu peke yangu. Ukiwa na hati ya kiapo watafungua jalada jipya na kazi imekwisha. Barua ya kukuruhusu unisimamie nimeiambatisha humu, nimetia sahihi na dole gumba. Usimsumbue tena yule mama, ana kazi nyingi.

Ukimaliza, rudi kwenye cherehani yako. Na ule vizuri.

Baba yako


Tarehe 27 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Pole na msiba wa kuku. Mimi ni mzima wa mwili, lakini nina jambo linanikaa kooni, bora nilitoe.

Nilikuwa tayari kwenda kwa wakili. Nikapita kwanza kumwambia yule mama kwamba tumeacha kutafuta, nimshukuru na kumuaga. Akavua miwani akaniangalia. "Ukishaapa huwezi kuyarudisha maneno," akasema. "Njoo tuangalie mimi na wewe, nusu saa tu."

Akaniingiza masijala. Baba, mimi nilidhani ni chumba. Kumbe ni njia nyembamba kati ya kuta za majalada, rafu zimepanda mpaka darini, na taa moja inayokonyeza. Ndipo nikajua kwa nini ulikuwa ukirudi nyumbani unatembea kiupandeupande. Akanieleza kwamba humo jalada likitolewa, mahali pake huwekwa kadi ngumu nyekundu, imeandikwa namba ya shamba, tarehe na sahihi ya aliyelichukua. Siku ya kwanza alitafuta jalada, kadi hakuitazama, kwa sababu kadi ni nyembamba na huzama kati ya majalada. Safari hii tulitoa moja moja kwa mkono. Nilipiga chafya mpaka machozi yakanitoka.

Kadi ipo. Namba ni yetu. Tarehe ni ya miaka kumi na tisa iliyopita. Sahihi ni ile yenye mkia mrefu, uliyokuwa ukiiweka kwenye ripoti zangu za shule.

Yule mama aliirudisha kadi mahali pake, akanifuta vumbi mgongoni, akanisindikiza mpaka nje.

Baba, jalada ulilichukua wewe? Kama ulilichukua, liko wapi? Na kama unalijua liko wapi, ile habari ya panya ilikuwa ya nini?

Mwanao


Tarehe 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo ni zaidi ya mwezi na hujanijibu. Nilihofu unaumwa, nikamuuliza jirani yako mwuguzi alipokuja mjini kuchukua dawa za zahanati. Akasema u mzima, na barua yangu alikukabidhi yeye mwenyewe mkononi, ukaisoma mbele yake umesimama.

Basi nikakasirika, nisikufiche. Nikasema, kama baba ananyamaza mimi ni nani? Nikaenda kwa wakili niape yaishe. Akanisomea maneno, "limepotea na halijulikani lilipo," akanipa kalamu. Baba, mkono ulikataa. Nilikaa pale nimeishika kalamu mpaka wakili akaniuliza kama najua kuandika. Nikatoka bila kutia sahihi, nikalia barabarani mtu mzima mimi, mama mmoja muuza vitambaa akanikalisha kwenye benchi lake.

Zimebaki siku ishirini na nane. Zikipita, nyumba unayolala si yako tena. Nimechoka kukuogopea, na nimechoka zaidi kwa kutojua ninaogopa nini. Niandikie, hata mstari mmoja.

Kitinda Mimba


Tarehe 10 Aprili

Mwanangu,

Salamu zako nimezipokea, na hasira zako pia. Barua hii nimeianza mara sita. Mimi niliyeandika maelfu ya barua za serikali bila kufuta neno.

Jalada nililichukua mimi. Lilikuwa chini ya sanduku la nguo za marehemu mama yako, ambalo nilijua hamtalifungua. Anayekuletea barua hii ni mwuguzi, na furushi alilokupa pamoja nayo ndilo jalada lenyewe. Usilifungue kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Humo ndani kuna karatasi ya babu yako na ramani aliyoichora kwa mkono. Shamba hakunipa peke yangu. Aliligawa kwa watoto wake wawili. Sehemu ya chini, ya mtoni, alinipa mimi. Sehemu ya juu, yenye nyumba, alimpa dada yangu mkubwa. Ndiyo, shangazi yenu, yule niliyewaambia anajidai, hataki kutembelea watu wa shamba.

Dada alipoolewa aliondoka, nami nikabaki na nyumba na wazee. Nikawauguza, nikawazika, nikabadili paa. Polepole nikajiona ndiye mwenyewe. Kisha mumewe akamwacha, akaja na watoto wawili kuniomba sehemu yake akae. Nikamwambia hana sehemu. Alikuwa akikumbuka kwamba baba yetu aliandika kitu, lakini hakujua kusoma vizuri, hakuwa na nakala. Akaenda ofisini kuuliza. Dirisha namba nne, mwanangu. Aliyekaa nyuma ya dirisha hilo nilikuwa mimi.

Alikuja mara tatu. Mara tatu nilisimama, nikaingia masijala, nikasimama mbele ya jalada nikilitazama, nikarudi kumwambia halionekani. Aliniambia "asante, bwana karani." Hakuniita mdogo wake. Wiki ile ya mara ya tatu nililitia kwenye mkoba nikaenda nalo nyumbani, nikiogopa atakuja siku nikiwa likizo, akahudumiwa na mwingine.

Utaniuliza mbona niliacha kadi. Hata mimi nimejiuliza. Nilikuwa naiba, lakini nilipoona ile nafasi tupu kwenye rafu sikuweza kuondoka. Nikachukua kadi, nikaandika namba, nikaandika tarehe, nikatia sahihi. Ni mazoea ya kazi. Sikujua kufanya vingine.

Nilitaka uape mahali pangu kwa sababu mimi sikuweza. Hilo ndilo baya kuliko yote, nimemfanyia mtoto wangu. Nisamehe ukiweza.

Ukilipeleka jalada, nyumba itakuwa ya shangazi yako. Ukilichoma na kwenda kuapa, itakuwa yangu, kisha yenu. Nina miaka sabini na moja na sina nguvu ya kukuambia ufanye lipi.

Baba yako


Tarehe 21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nakuandikia kwa mkono wa mtu aliyechoka, usitafute utamu.

Hukupaswa kuniachia mimi niamue. Ulijua jawabu, ulitaka tu lisemwe na mdomo wa mwingine. Nimekusamehe lile la kiapo, kwa sababu umelikiri bila kuficha. Hili la pili bado, nipe muda.

Nilimtafuta shangazi siku tatu. Ni dobi, anapiga pasi nyuma ya nyumba ya wageni, mitaa miwili tu kutoka kwangu, baba. Nimepita hapo miaka sita nikienda kununua uzi. Ana mkono wa kulia wenye makovu ya pasi mpaka kwenye kiwiko. Nilipojitambulisha hakuacha kupiga pasi. Nikamsomea karatasi ya babu yote. Alipofika mwisho wa shuka aliyokuwa nayo akaikunja vizuri, akachukua nyingine. "Miaka kumi na tisa nilidhani nimeota," akasema. Hakulia. Niliyelia ni mimi.

Jana tulikwenda pamoja ofisini. Alikataa kulisogelea dirisha, akasimama hatua tatu nyuma mpaka yule mama wa masijala alipotoka kwa mlango wa pembeni kuja kumshika mkono. Jalada limepokewa, limegongwa muhuri, limeingizwa kwenye kompyuta, majina mawili, ramani ya babu pamoja nayo. Wewe una sehemu ya chini. Kadi yako nyekundu imetolewa.

Mwezi wa sita atakuja mpima ardhi kuweka alama. Shangazi naye atakuja. Nilimwuliza kuhusu wewe na nyumba. Akaniambia hamfukuzi mzee. Lakini ulichomwambia kwa mdomo dirishani atakijibu kwa mdomo, siyo kwa barua zangu. Jiandae.

Kitinda Mimba


Tarehe 19 Juni

Mwanangu Kitinda Mimba,

Marahaba, hata kama tangu Aprili hujaniandikia tena kunisalimia. Natumaini u mzima na nguo zimepungua kitandani.

Mpima alikuja juzi na mashine yake ya miguu mitatu. Nilikuwa nimeshahamisha kitanda changu kwenye ghala la upande wa mtoni. Ndugu zako walikuja kunisaidia, wakakunja uso kutwa nzima, sikuwalaumu. Nyumba niliifagia, nikapaka chokaa chumba cha mbele, ufunguo nikauacha mlangoni.

Dada yangu alifika na mpima saa nne. Amezeeka. Sijui kwa nini nilitegemea kumwona vile vile. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, nimeyarudia wiki nzima nikiwa peke yangu na kuku. Aliposimama uani nikayasahau yote, nikamwambia tu, "Dada, lilikuwepo. Mara zote tatu lilikuwepo." Akasema, "Najua." Basi.

Mpima akaendelea kupiga vigingi. Jua lilikuwa kali. Dada yangu alisimama pale uani muda mrefu akiutazama mlango aliotokea siku ya harusi yake, hakuingia. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa adabu, kama mtu aliyefika kwa watu asiowajua, kama anaweza kupata maji ya kunywa.

Mwanangu, dada yangu aliniomba maji nyumbani kwake, na aliyemfundisha kuomba hapo ni mimi.

Baba yako