Kadi Moja ya Njaa

Jumapili, 6 Novemba

Nimepigwa. Mara tatu mfululizo, kwenye mchezo wa kadi! Na Eckhard, kaka yangu, fundi mstaafu wa ishara za reli, ambaye shuleni somo la historia lilikuwa linamlaza usingizi. Mimi nimefundisha Vita vya Miaka Thelathini, vile vya Ulaya ya karne ya kumi na saba, kwa miaka thelathini na mmoja – muda mrefu kuliko vita vyenyewe. Leo nikiwa Kaisari, nikiwa na Vienna na majeshi yote, nimeshindwa kuushika hata mji wa Magdeburg.

Mchezo ameununua yeye. Tangu alipopata kile kiharusi kidogo Septemba, nikaenda hospitalini, tukalia wote wawili, tumekuwa tukikutana Jumapili kwake kwa kahawa na keki. Ila baada ya keki hatukuwa na la kusema. Miaka sita ya kununiana haifutiki kwa keki. Basi akaleta hili boksi: watu wawili tu, mmoja Kaisari, mwingine Mswidi.

Kila mtu anaanza na kadi kumi dhaifu. Unanunua bora zaidi, unazichanganya kwenye rundo lako, na unacheza na zile tano zitakazokujia mkononi. Jeshi lako likikaa mahali ambapo chakula kimekwisha kuliwa chote, unapewa kadi ya Njaa. Haina kazi yoyote, inajaza mkono tu. Mimi leo nilikuwa nazo saba! “Mwalimu,” Eckhard akasema, “askari wako wanakula viatu.” Akacheka mpaka akakohoa.

Nilitabasamu. Ndani nilikuwa nachemka.

Jumatano, 9 Novemba

Nimetoa nakala ya kijitabu cha sheria za mchezo maktabani na kuipiga mistari kwa kalamu za rangi tatu. Miaka sitini na sita, na nasomea mchezo kama mtihani wa taifa. Jirani akachungulia na kuuliza kama nimerudi kazini. Nikasema ndiyo, nasahihisha kidogo. Uongo wa bure kabisa. Kwa nini?

Jumapili, 13 Novemba

Sijui niandike vipi. Niandike tu.

Nimeiba.

Mchezo wa pili. Nilikuwa nakaribia kushinda, kwa mara ya kwanza, kwa haki yangu, kwa akili yangu! Halafu mkono ukanijia: Njaa, Njaa, Njaa, Njaa, na mpiga tarumbeta mmoja. Njia halali ya kuondoa Njaa ni kupoteza zamu nzima kwa kila kadi. Eckhard alikwenda jikoni kukata keki ya siagi. Kadi moja ya Njaa ikaingia mfukoni mwa sweta yangu. Sikuamua. Mkono ulikwenda wenyewe – hapana, huo ndio utetezi wa kila mwanafunzi niliyemkamata na kikaratasi cha kuibia mtihani. Niliamua.

Nikashinda. Kaka akasimama, akanipa mkono kama mchezaji wa mpira. “Dada, safi sana! Sasa unajua vita.” Alifurahi kweli. Alifurahi kuliko mimi.

Kisha akaanza kuhesabu. Nilisahau! Yeye kila mchezo ukiisha hurudisha kila kitu kwenye mifuko yake midogo, akilinganisha na orodha ya ndani ya boksi. Kadi mia moja ishirini na nne. Akapata mia moja ishirini na tatu. Akahesabu tena. Akapiga magoti, akatazama chini ya kochi, chini ya zulia, huku mkono wa kushoto ukimtetemeka kama unavyofanya tangu Septemba. Mimi nimesimama, mkono mfukoni, vidole juu ya kadi. Nilitaka kuidondosha sakafuni na kusema “hii hapa.” Ilikuwa kazi ya sekunde moja tu. Lakini akasema, akiwa bado chini, polepole: “Nitakuwa nimeiweka mahali. Siku hizi naweka vitu mahali.”

Na mimi nikasema: “Itaonekana tu.”

Jumatatu, 14 Novemba

Nimeichana vipande vinane. Kisha nikasimama mbele ya mapipa nikijiuliza: ina utando wa plastiki, je, ni pipa la karatasi au mfuko wa manjano wa plastiki? Hata nikificha wizi nachambua taka! Nimevitupa kwenye pipa la karatasi. Gari la taka linapita kesho asubuhi.

Jumatano, 16 Novemba

Siku ya Toba. Sikuenda kanisani.

Eckhard amepiga simu. Amepekua nyumba nzima, hata friji, hata koti la kuendeshea baiskeli. Ameamua kuwaandikia watengenezaji wamtumie kadi nyingine. Huwa wanatuma bila malipo. Akanisomea barua, maana mimi ndiye mwalimu na alitaka nimsahihishie. “Kadi moja ya Njaa imepotea kutokana na usahaulifu wangu.”

Nikamwambia aondoe hayo maneno, hayana haja. Akasema hapana, mtu aseme ukweli.

Nikamsahihishia mkato mmoja. Mkato! Laiti ningekuwa na haya ya kunyamaza.

Jumapili, 20 Novemba

Jumapili ya Wafu. Tulikwenda kaburini kwa mama, tukaondoa majani yaliyooza, tukaweka matawi ya msonobari na taa nyekundu. Mvua ndogo.

Hapo kaburini akaniambia. Amemweleza binti yake, Maike, habari za kadi. Na habari za funguo, na za jiko alilosahau kulizima mwezi uliopita. (Jiko? Hakuwahi kuniambia.) Maike ameshampata daktari wa kumbukumbu, Jumanne ya tarehe 29. Na kuna nafasi katika nyumba ya wazee huko Bremen, karibu na kwake, chumba chenye dirisha la upande wa bustani. Inatakiwa jibu kabla ya Krismasi.

“Vitu vingine najua vilipo hata nikivisahau kidogo,” akasema. “Ile kadi lakini, dada – nilikuwa nayo mezani. Mbele ya macho yangu. Ndiyo iliyonitisha.”

Halafu akatazama jiwe la mama. Akasema bora aende mwenyewe mapema, kwa miguu yake, kuliko kupelekwa kama yeye alivyompeleka mama kwenye nyumba ya wazee.

Hilo ndilo nililomtupia siku ya mazishi ya mama, miaka sita iliyopita, sahani ya keki mkononi, watu wote wakisikia: ulimtupa mama kama kiti kibovu. Mama alikuwa ameanza kupotea njia ya kurudi nyumbani na mimi nilikuwa nakuja mara moja kwa mwezi tu. Eckhard ndiye aliyekuwa akimtafuta mitaani. Nilijua hilo hata siku ile nikisema.

Na leo pia sikukiri. Midomo ilifunguka, nikasema: “Unapata baridi, twende.”

Alhamisi, 24 Novemba

Nilipiga simu nimwambie ukweli wa kadi. Tukaongea habari za barafu barabarani. Dakika kumi na mbili.

Jumamosi, 26 Novemba

Nimejaribu kuandika barua. “Mpendwa Eckhard.” Nikaendelea kwa kueleza jinsi mchezo ulivyo mgumu, jinsi rundo linavyojaa takataka, jinsi mtu anavyoweza kupitiwa. Nusu ukurasa kabla ya neno “niliiba”! Ningemrudishia mwanafunzi insha ya namna hiyo na mstari mwekundu.

Nimeichana hiyo pia. Kesho kwa mdomo. Kabla ya keki.

Jumapili, 27 Novemba

Naandika haya mezani kwake. Yuko jikoni. Shajara imo kwenye mkoba siku zote, na lazima nishike kitu.

Nilimwambia. Nilipoingia tu, nikiwa bado na koti. Alikuwa amewasha mshumaa wa kwanza wa Majilio na ametandika ubao wa mchezo. Nikasema: “Kaka, kadi ile haikupotea. Niliichukua mimi. Niliiba ili nikushinde, halafu nikaichana.” Hivyo hivyo, bila kupamba.

Uso wake ukalegea, akanishika shavu – hajanishika shavu tangu nikiwa mtoto.

“Ortrud,” akasema. “Wewe? Uliyemfanya yule mtoto wa mchungaji arudie darasa kwa kunakili mistari miwili?”

“Mimi. Naapa.”

“Mama naye alikuwa hivyo. Nikivunja kikombe, anasema amevunja yeye.” Macho yalikuwa yamemlowa. “Asante. Lakini usinidanganye tena, dada. Nikianza kudanganywa ndipo nitapotea kweli.”

Nikapandisha sauti. Nikamwambia kuhusu mfuko wa sweta, mapipa, vipande vinane. Akacheka: hadithi nzuri, nimeitungia mpaka taka! Kila nilichoongeza kilizidi kuonekana cha kutungwa. Nilitaka kumtikisa. Miaka yote nimejijengea jina la mtu asiyeiba hata sekunde, na leo jina hilo linanikaba.

Akaenda kuleta kahawa. Ikaja birika la maji ya moto matupu; hakuweka kahawa. Akalitazama, akalitazama. “Si unaona?” akasema kwa sauti ndogo.

Na sijui! Ndilo linaloniua. Sijui kama alikuwa hivi kabla ya mimi, au ni hofu niliyompa mimi inayomfanya atetemeke na kusahau. Hakuna atakayeweza kulipambanua sasa, hata huyo daktari.

Alirudi jikoni kuchemsha upya. Kabla hajaenda akaniwekea fomu mbele yangu. Ya daktari. Inajazwa na ndugu wa karibu. Maike yuko mbali, kwa hiyo amenichagua mimi, kwa kuwa, amesema, mimi sijui kupaka mambo sukari. Keshokutwa anakwenda nayo kwa daktari.

Jina la anayejaza: nimeandika. Uhusiano: dada. Swali la tano: je, hupoteza vitu nyumbani? Kamwe, mara chache, mara nyingi. Toa mfano. Taja tarehe.

“Andika ile kadi, mwalimu!” ameita kutoka jikoni. “Mfano mzuri ule. Tarehe kumi na tatu.”

Nimeandika tarehe kumi na tatu. Halafu: “dada yake”. Halafu kalamu imesimama, kwa sababu mtu akisoma kwamba dada yake ndiye aliyeiba atamuuliza Eckhard, naye atasema dada yangu ana huruma, na daktari ataandika kwamba mgonjwa hata hakumbuki.

Nikiacha wazi ni uongo. Nikiweka alama kwenye “kamwe” – na lile jiko?

Amekuja na kahawa, safari hii nyeusi kweli. Amenimiminia. Ameuliza kama nimemaliza.

Nimesema bado.

Amevuta kiti, amekaa mbele yangu, anachanganya kadi zake kwa mkono mmoja, anasubiri.