Fomu Iliyochukuliwa na Bahari

Shimoni,
Jumatatu jioni

Mama yangu mpendwa,

Hamjambo huko Mukurweini? Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na yule ng'ombe mweusi, ameshazaa? Sisi tu wazima kabisa, na mimi nina furaha mpaka naona aibu kuiandika. Mdogo wangu Muthoni akusomee polepole, asiruke mahali, hata pale ninapomsifu mume wangu.

Unakumbuka nilivyolia katika barua zangu za kwanza: joto, chumvi kwenye kila kitu, harufu ya samaki hadi kwenye mto wa kulalia. Wachira wangu alinionea huruma, akaomba fomu ya uhamisho katika ofisi yao ya uvuvi ili apelekwe kwenye mabwawa ya samaki huko Kiganjo, tuwe karibu nanyi. Najua mlifurahi, na kwamba Baba ameshaanza kututafutia nyumba. Fomu ilitakiwa ofisini leo asubuhi. Ndiyo sababu nakuandikia.

Jumamosi Wachira aliniambia, "Miezi mitatu umekaa kando ya bahari na hujaitazama ndani. Twende, uiage vizuri."

Upepo ulikuwa umelala. Maji yalikuwa yamekupwa, yameondoka mbali na ufuo, na yalikuwa safi kiasi cha kuona vidole vya miguu yangu chini. Alinivalisha miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia. Sijui kuogelea, Mama, lakini maji yalinifika kifuani tu, na mkono wangu hakuuachia hata mara moja.

Nilipoinamisha uso nilipiga kelele ndani ya mrija, nikameza maji. Kumbe chini kuna shamba! Matumbawe yamesongamana kama kabichi, na katikati yake samaki wa manjano wenye mistari myeusi, wengine buluu kama sare yangu ya shule. Nikamwona pweza akibadilika rangi mbele ya macho yangu. Kisha akapita kasa, mkubwa kama karai la kufulia, akipiga mikono polepole kama mzee anayejua ibada haitaanza bila yeye. Nilimng'ang'ania Wachira shingoni. Yeye anacheka tu, na akicheka ndani ya maji, Mama, ni mzuri ajabu.

Tulipoinuka akauliza, "Kikapu uliacha wapi?"

"Pale chini, kwa mchanga."

"Mchanga gani? Mchanga uko wapi?"

Hakukuwa na mchanga. Nilikuwa nimekiweka ukingoni mwa maji, kama tunavyoweka nguo kando ya mto Gura tukienda kufua. Ndani mlikuwa na viatu vyangu, chapati nne, na ile fomu, kwa kuwa tulitaka kuipitisha nyumbani kwa karani.

Jirani yetu Bi Saumu, aliyekuwa akiokota kombe, alicheka hadi akakaa chini. "Mwanangu, huu si mto wenu wa mlimani! Bahari ikitoka, hurudi. Hata kikapu chako kimeshafika Pemba!"

Wachira alisema si kitu, karani atampa fomu nyingine. Akapewa.

Jumapili baada ya kanisa tulirudi. Upepo ulikuwa umeamka na maji yamechafuka, hatukuona kitu ila samaki mmoja aitwaye taa, bapa kama sinia, aliyeruka kutoka mchangani karibu na mguu wangu. Nilipiga mayowe, kisha nikaomba tumfuate.

Tulipofika nyumbani Wachira akatoa fomu mpya. Nikafunika kalamu kwa kiganja.

"Usiandike."

"Si ni wewe uliyelia?"

"Nililia kabla sijaona."

"Na mama yako?"

"Mama nitamwandikia mwenyewe."

Leo asubuhi amemwambia karani kwamba hatuendi. Najua ulishaniona karibu, Mama, na moyo wangu unauma kukuandikia hivi. Usinikasirikie. Mwambie Baba wewe, akiwa amekwisha kunywa uji.

Nisalimie nyanya yetu Cucu, mwambie samaki bado sili sana, nawatazama. Msalimie kaka Gitonga na mkewe, na mwalimu wangu wa zamani mkikutana sokoni.

Njoo mkishamaliza kuchuma kahawa. Nimekwisha kukuazimia miwani. Mimi hushika mkono wa kulia wa Wachira. Anasema wa kushoto ni wako.

Binti yako akupendaye,
Wanjiru